Fundi anataka kuiflashi injini ya IST yangu kabla ya kumwaga oili. Nikubali?

Mama Tariq

Habari za jioni wakuu, heshima kwenu.

Nina Toyota IST ya 2004, ile ya injini ya 1.5. Nimeinunua mkononi mwa mtu hapa hapa Dar mwaka huu. Dashibodi inasoma kilomita 162,000, na mnajua wenyewe kilomita za gari la mkononi ni za kuambiwa. Kijana aliyeniuzia ni mstaarabu sana, ila nilipomuuliza mara ya mwisho alimwaga oili lini, akanijibu "siyo zamani sana dada". Nikaishia hapo.

Mizunguko yangu ni mifupi. Asubuhi Sinza mpaka shuleni Kijitonyama, mchana kurudi, jioni sokoni. Gari halijapata moto sawasawa nimeshafika. Foleni ikishika ndiyo nakaa Shekilango injini inanguruma tu. Mara moja moja naenda Kibaha kwa mama mkwe.

Jumamosi nikapeleka gereji kumwaga oili. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwenye kitambaa, akanisogezea: nyeusi tii. "Mama, hii injini imejaa matope ndani. Tapeti zimeziba, ndiyo maana asubuhi inalia." Ni kweli asubuhi nikiwasha inalia ta-ta-ta kidogo, sekunde moja au mbili, halafu inatulia siku nzima. Akasema lazima tufanye flashi, yaani kuiosha injini kwa ndani: kopo la dawa elfu 35, ufundi elfu 30. Mwenzake pembeni akadakia kwamba kopo ni kupoteza hela, lita ya dizeli inatosha, unamimina humo humo, gari linanguruma robo saa, unamwaga, uchafu wote chini. Wakaanza kubishana wao kwa wao. Nikawaambia ngojeni nikaulize, nikaondoka na oili yangu ile ile nyeusi.

Taa ya oili haijawahi kuwaka tangu ninunue. Haitoi moshi. Kwenye kijiti haipungui. Kitu kimoja nimekiona kwa macho yangu, na ndicho kinanitia wasiwasi kuliko maneno ya fundi: chini ya mfuniko wa kujazia oili kuna utando mwepesi, una rangi ya maziwa.

Sasa swali. Mtu anajuaje kama injini inahitaji kuoshwa kwa ndani, au ni biashara tu? Naomba majibu ya mtu anayejua, siyo ya kunikejeli.

Roli Tairi Kumi

Dada usiogope dizeli. Sisi kwenye Fuso tumemimina miaka na miaka na magari yanapanda Kitonga na mzigo. Ila usiendeshe, acha inguruma pale pale. Kopo ni dizeli iliyotiwa rangi na kupandishwa bei.

Kijana wa Tegeta

Flashi tu mama yangu, elfu 65 itakuletea stresi? Mimi naflashi kila sevisi, injini yangu ukifungua mfuniko unaweza kujiangalia sura.

Fundi Spana Kumi

Dada yangu, umefanya la maana kuondoka. Mimi nashika hizi injini za NZ, kama hiyo 1NZ ya IST yako, tangu zinaanza kuteremka bandarini kwa wingi. Nilianzia Gerezani kwa watu, sasa nina banda langu Mabibo. Nitakuandikia kirefu kidogo, vumilia.

Kwanza hilo la oili nyeusi liondoe kichwani. Oili ya siku hizi imetiwa sabuni kiwandani. Kazi ya hiyo sabuni ni kuyashika masizi na kuyabeba yasigande kwenye chuma. Ikiyabeba lazima iwe nyeusi. Ukimimina oili mpya kwenye injini yenye umri wa IST yako, itaanza kubadilika rangi kabla hujafika mbali, na hapo inafanya kazi yake. Mtu anayekuonyesha kijiti cheusi na kukuambia una matope hana alichokuonyesha.

Pili, tapeti. Hapo umepigwa changa la macho, au yeye mwenyewe alikaririshwa hivyo. 1NZ haina tapeti za oili. Tapeti zake ni vikombe vya chuma vitupu vimekaa juu ya valvu, ndani hakuna njia ya oili ya kuziba. Kikombe kikilia, maana yake nafasi imepanuka, na mlio huo hauondoki injini ikishatulia. Mlio wa sekunde mbili asubuhi kisha kimya, kwenye hii injini mara nyingi ni cheni au ile gia ya VVT-i (inayobadilisha muda wa valvu kufunguka) inasubiri oili ipande. Kikazia cheni kinasukumwa na presha ya oili; oili ikichelewa, cheni inacheza. Vitu vinavyochelewesha ni filta ya bei poa ambayo mpira wake wa ndani hauzuii oili kurudi chini ukizima gari, na oili nzito. Hebu uliza umewekewa oili gani. Nina hakika utaambiwa 20W-50, kwa sababu mafundi wengi wameaminishwa kwamba gari la zamani linataka uji. Toyota wao kwenye hii injini chaguo lao la kwanza ni 5W-30, iliyo nyepesi zaidi.

Tatu, huo utando mweupe. Ni maji. Injini ikichoma petroli inatoa mvuke, mwingine unapenya chini kwenye ringi za pistoni. Gari likipata moto wa kutosha mvuke unatoka kupitia kivalvu cha PCV, kile cha kupumulia injini, na kwenda kuchomwa. Kwa Sinza mpaka Kijitonyama hautoki, unaganda mahali penye ubaridi, na pa kwanza ni mfuniko. Ufute, kisha siku ukienda Kibaha angalia tena ukirudi. Ukikuta umepotea, lala usingizi. Lakini angalia na maji ya rejeta. Yakiwa yanapungua bila kuvuja popote, au kijiti chenyewe kikatoka na oili iliyofifia kuelekea weupe, hiyo ni gasketi ya silinda hedi na hakuna kopo duniani linaloitibu.

Sasa swali lako lenyewe, utajuaje. Unajua kwa kufungua. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kufungua tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, ya NZ ni kazi ndogo, spana namba kumi inakutosha karibu mwanzo mpaka mwisho. Unatoa koili nne, unasogeza waya, unafungua bolti kwa kuzunguka, unainua taratibu. Gasketi yake ni mpira. Ikiwa haijakauka inarudi, ikikauka unanunua mpya. Kuna sehemu mbili tu, pale kava ya cheni inapokutana na silinda hedi, zinataka tone la silikoni. Fundi akikupaka silikoni mzunguko mzima mzuie, maana ile inayobanwa ndani inakatika na kuishia kwenye njia za oili. Wengi wanatengeneza uchafu wakidai wanauondoa.

Ukishainua, tazama kemshafti (shafti za juu zinazofungua valvu) na kuta za ndani. Chuma kikiwa kina rangi ya chai kavu, kimeng'aa, ukipitisha kidole hakuna kinachotoka, hiyo ni vanishi tu. Ni uzee. Haimdhuru mtu. Rudisha kava, mwaga oili, nenda nyumbani. Ukikuta ukoko mweusi mwembamba kwenye pembe, hasa upande wa cheni, ambao kidole kinauondoa, hapo umeshaanza kuchelewesha oili na inabidi ujirekebishe. Ukikuta matope yenyewe, meusi, mazito, yamejaa kwenye mabonde mpaka bolti hazionekani vichwa, hapo dada ndipo usimruhusu mtu yeyote kumimina kitu.

Naona utashangaa, maana wengi hufikiri matope yakizidi ndipo dawa inapohitajika. Fikiria safari ya oili. Chini ndani ya sampu, bakuli la oili, kuna bomba la kunyonyea, mdomoni lina strena, wavu wa chuma wenye matundu madogo. Oili yote inayokwenda kwenye pampu, kwenye kreki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), kwenye beringi, inapita pale kwanza, hata filta haijaifikia. Matope yaliyokaa juu miaka kumi hayayeyuki yakawa maji kwa dakika kumi za dawa. Yanalainika pembeni, yanabanduka vipande, yanateremka kwenye sampu, yananyonywa. Strena inafunikwa. Pampu inavuta hewa. Wewe umeshalipa, umewekewa oili mpya safi, kijiti kinang'aa, halafu ukiwa daraja la Ubungo injini inaanza kugonga. Taa ya oili huwaka maji yameshafika shingoni, beringi zimekwisha. Nimezishusha sampu za magari ya namna hiyo. Ukichungulia strena huoni wavu, unaona keki nyeusi. Na mwenye gari anakuapia kwamba juzi tu alifanya flashi.

Kwa hiyo dawa za kopo, Liqui Moly na wenzake, mimi sizitukani, zina kazi yake. Zinafaa injini yenye ukoko mwembamba, ya mtu aliyenunua gari hajui historia yake na anataka kuanza upya. Injini safi haizihitaji. Injini iliyooza zinaiua. Nafasi katikati ni ndogo, na huwezi kujua umo humo bila kuinua kava.

Dizeli sifanyi. Inaifanya oili kuwa maji wakati kreki inazunguka, na ukimwaga haitoki yote, nyingine inabaki kwenye njia na kuchanganyika na oili mpya. Ndugu yangu wa Fuso ana injini kubwa nzito ya dizeli, kuanzia hapo hatuzungumzii kitu kimoja.

Kijana wa Tegeta

Fundi hapo umeniacha njia panda. Kwa hiyo mimi naharibu? Mbona gari langu safi?

Fundi Spana Kumi

Unamwaga oili kila baada ya kilomita ngapi?

Kijana wa Tegeta

Elfu 4, nikichelewa elfu 5.

Fundi Spana Kumi

Basi hiyo ndiyo iliyokusafishia. Kwa lile kopo unaosha sahani iliyokwishaoshwa. Hela yako lakini, mimi siingilii.

Mdau wa Maabara

Naongezea kidogo la fundi, mimi kazi yangu ni upande wa vilainishi. Matope hayaji kwa sababu oili ni "chafu" kutoka nje. Oili yenyewe inaungua kidogo kidogo kwa joto na hewa, inachanganyika na petroli ambayo haikuungua na huo mvuke wa maji, kisha sabuni yake inachoka. Sabuni ikichoka, kile kilichokuwa kinaelea kinaanza kukaa chini. Kwa hiyo gari la safari fupi na foleni linazeesha oili haraka kuliko kilomita zinavyoonyesha. Mama Tariq, kwa mizunguko yako usihesabu kilomita peke yake. Hata hujafika elfu 5, miezi sita ikipita mwaga.

Na msidhani ni ubabaishaji wa mafundi wetu tu. Mwaka 2002 Toyota kule Marekani walitangaza mpango wa kuzihudumia injini zilizojaa matope, V6 ya 3.0 na ile ya silinda nne ya 2.2, za miaka ya 1997 mpaka 2002. Magari yaliyoguswa yalikuwa takriban milioni 3.3. Hiyo V6 ni 1MZ, tunayo kwenye Harrier nyingi tu hapa mjini. Mwenye nayo asicheze na tarehe za oili.

Kuhusu dawa za kopo: zina vimiminika vyepesi vya jamii ya mafuta ya taa, na za maana zinaongezewa sabuni. Ndiyo sababu maelezo yake yanasema injini iwe ya moto, iachwe sailensa (inguruma yenyewe), usikanyage mafuta, usiendeshe. Fundi anayeimimina kisha "anazunguka nayo kidogo mtaani ifanye kazi vizuri" mfukuze.

Roli Tairi Kumi

Nakubali IST siyo Fuso. Lakini msiseme dizeli inaua, injini zetu zipo.

Mama Tariq

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, ilikuwa wiki ya mitihani.

Nilitafuta fundi mwingine, nikamwambia sitaki flashi, nataka kuona. Akanitazama kama nimemtukana. Nikamwambia nalipia ufundi wa kufungua, akakubali. Nilisimama pale pale, watoto wangu wa darasa la sita wangeniona wangecheka, mwalimu kainama na tochi ya simu.

Kava ilipoinuka harufu ilikuwa ya oili iliyoungua, siyo mbaya sana. Ndani rangi ni ile ile ya chai kavu aliyoisema Fundi, karibu yote. Kemshafti zinang'aa. Upande wa cheni, kwenye pembe ya chini, kuna ukoko mweusi. Nikapitisha kidole, ukatoka kidogo, ukabaki kwenye ukucha mpaka jioni. Matope ya kufunika bolti hakuna.

Kivalvu cha PCV alikitoa akakitikisa, hakikulia kitu, kimeganda. Filta iliyokuwemo haina jina lolote, rangi tu. Na oili ilikuwa 20W-50 kweli, muuzaji niliyempigia amekiri. Utando kwenye mfuniko niliufuta, nikaenda Kibaha na kurudi, haukuwepo. Siku tatu za shule, umerudi. Maji ya rejeta yapo pale pale.

Sasa fundi huyu naye anasema kwa huo ukoko wa pembeni tungeweka kopo "kwa usalama". Nifanyeje?

Fundi Spana Kumi

Picha uliyonitumia nimeiona. Injini yako nzima kabisa, usiogope. Hilo kopo ukiweka halitakuua kwa hali hiyo, lakini sioni kazi yake. Ukoko wa kutoka kwa ukucha, oili nzuri itautoa yenyewe polepole, na kwa polepole hiyo unaingia kwenye filta, hauendi kuziba strena.

Fanya hivi. Nunua PCV mpya leo, hiyo ndiyo iliyokuwa inakuzalishia uchafu: mvuke hauna pa kutokea, unarudi kwenye oili. Weka filta ya Toyota yenyewe au ya kampuni inayojulikana. Oili 5W-30, na nyuma ya galoni tafuta maandishi API SN au SP, alama za daraja la ubora. Mwaga hii mapema, ukigonga kilomita 1,500, na ubadilishe filta tena, usiionee huruma. Inayofuata elfu 3. Baada ya hapo shika elfu 5 au miezi sita, kinachotangulia, kama Mdau alivyosema. Kila filta ikitoka mwambie fundi aipasue kwa msumeno uone karatasi yake. Ukiona punje nyeusi nyingi, endelea kumwaga mapema. Ukiona vumbi linalong'aa, la chuma, nitafute haraka.

Angalia na hili: injini hiyo pamoja na filta inachukua lita 3.7. Galoni ni lita 4. Fundi atataka kulimimina lote ili asikurudishie kibaki. Kataa, asimame kwenye alama ya juu ya kijiti. Ikizidi kreki inaipiga na kuitoa povu, na povu halilainishi chuma.

Siku fundi akiwa amefungua sehemu ya mbele kwa kazi nyingine, mwambie akutolee kichujio kidogo cha valvu ya VVT-i, kimejificha nyuma ya bolti yake. Wengi hawajui kipo. Kioshe, kirudishe.

Mama Tariq

Mlio wa asubuhi je?

Fundi Spana Kumi

Weka hiyo filta na oili kwanza, kisha sikiliza wiki moja. Ukipungua, tumemaliza. Ukibaki vile vile tutaangalia kikazia cheni, hapo ni kazi nyingine na bei nyingine.

Premio ya Moshi

Wakuu samahani kwa kudandia uzi. Mimi Premio ya 2002, 1.8, inakula oili, lita moja haifiki kilomita elfu. Moshi wa bluu nikiachia mafuta kwenye mteremko. Fundi kasema flashi itafungua ringi. Mnasemaje?

Fundi Spana Kumi

Injini ya 1ZZ ya miaka hiyo? Ugonjwa wake unajulikana. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake za mwanzo ni madogo, yanaziba kwa kaboni, ringi ya oili inaganda. Dawa ya kumimina kwenye oili haifiki pale ikakaa muda wa kutosha. Kuna wanaomimina dawa ya kaboni kupitia kwenye tundu la plagi na kuiacha ilale usiku, wengine wamepata nafuu, ukifanya hivyo lazima umwage oili kabla ya kuendesha. Kwa lita moja kwa kilomita elfu mimi ningekusanya hela ya pistoni na ringi za toleo la baadaye, na wakati unakusanya tembea na lita ya akiba kwenye buti na uchomoe kijiti kila ukijaza mafuta. Uzi wako ufungue peke yake tuupe nafasi, uweke na picha ya plagi zote nne.